Spana ya Kipimo na Mkwe wa Mjomba Shija

Wadogo zangu, Kulwa na Doto, nastaafu. Chekeni kwanza mmalize.

Najua mstaafu mnayemjua nyie ana mvi na fimbo, na analalamikia magoti. Mimi nina miaka kumi na minane, mvi sina, fimbo sina, lakini magoti nayalalamikia, na sababu nitaieleza mbele. Nimefanya kazi ya ekzosi gereji ya Mjomba Shija hapa Kahama kila likizo na kila Jumamosi tangu niko darasa la tano. Sasa nimechaguliwa kidato cha tano, bweni, mkoa wa mbali, ambako gari pekee nitakaloliona kwa karibu ni la kuleta unga. Ovaroli langu mtagawana. Zipu haifungi, msijisumbue nayo.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mnanijua. Mteja akiniuliza jina, naangalia matairi yake kama yameandikwa jina langu. Mama yenu, anayepika pale ubavuni mwa gereji, huwa anawaambia wateja, "Huyo binti ongea naye kwa spana." Basi kalamu ni ndugu yake spana.

Kuna swali mtakaloulizwa kuliko yote. Fundi mgeni akija lazima alilete, na wateja waliosoma kwenye simu nao watalileta: nati za ekzosi zikazwe kwa mkono, au kwa spana ya kipimo? Spana ya kipimo ni ile ndefu mliyoiona imefungwa khanga. Unaiwekea kiasi cha nguvu, unakaza, ikifika inalia "kak" na wewe unaacha. Nimeona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya swali hili. Mimi jibu ninalo, lakini nililipata kwa kuzunguka sana.

Kwanza mkono. Mjomba alinifundisha kwamba nati ina maneno matatu. La kwanza ni "njoo". Hapo inazunguka kwa vidole. La pili ni "tosha". Hapo inakaa, gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba moshi usivuje, inabanwa, na mkono unasikia kitu kigumu kama umefika ukutani. La tatu ni "kwaheri". Hapo spana inakuwa laini ghafla, na wewe kwa ujinga unafurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Si rahisi. Stadi, ule msumari wa chuma wenye mikunjo unaoshika nati, inanyooka kama bazoka ya kutafuna na inakaribia kukatika.

Mimi niliisikia "kwaheri" kwa mara ya kwanza kwenye Noah ya mwalimu mmoja. Nikafurahi, nikaongeza. Ikakatika ikabaki ndani ya silinda hedi, kichwa cha injini, na siku nzima Mjomba alikuwa anaitoboa kwa drili ndogo huku anaimba nyimbo za msiba. Hakunigombeza. Alikuwa akimaliza ubeti ananitazama, halafu anaanza mwingine. Mwalimu naye alikaa pale pale akisahihisha madaftari, na kila drili ikilia alikuwa anaandika kosa.

Basi kwa miaka mingi gereji yetu ilikuwa ya mkono tu. Mpaka siku alipopita fundi mmoja aliyekuwa amemaliza kazi yake mgodini upande wa Geita, anarudi kwao. Gari lake lilikuwa linavuta harufu ya moshi ndani. Mjomba akamtengenezea vizuri, wakawa marafiki, na jamaa akamwachia ile spana kama zawadi. Alisema kule walikokuwa hata kiti cha kukalia kilikazwa kwa kipimo.

Mjomba aliipenda ile spana kwa namna iliyotutia wasiwasi. Alikaza nayo kila kitu. Alikaza miguu ya benchi mpaka ubao ukapasuka, ndiyo maana mnakaa upande mmoja tu. Alikaza klampu, ile pete ya chuma inayoshika bomba la nyuma, mpaka bomba likaminyika kama mrija wa soda na gari likakosa pumzi. Klampu, sikilizeni vizuri, haihitaji kipimo, inahitaji huruma. Mipira ya kuning'inizia bomba haina hata nati, lakini Mjomba aliizunguka na spana yake akiitafutia pa kukaza.

Mama yenu akamwambia, "Shija, njoo na huyo mwanao anikazie mtungi wa gesi."

"Kipimo cha mtungi sikijui," Mjomba akajibu, kwa huzuni ya kweli.

Mapenzi yaliishia kwa mwanaapolo mmoja, yaani mchimbaji mdogo, aliyekuwa anarudi Geita na Hilux yake. Manifodi, lile bomba lenye vidole linalopokea moto kutoka kwenye injini, ilikuwa inavuja. Mjomba akaweka gasketi mpya, akakaza kwa kipimo, "kak" kila nati, akafuta mikono kama daktari. Lakini stadi zilikuwa za zamani na zina kutu. Kutu inashika nati. Spana inakutana na ubishi wa kutu, inadhani kazi imefika, inalia, na gasketi chini yake bado haijabanwa.

Yule jamaa alirudi kesho yake. Tulimsikia kabla hatujamwona. Mama yenu alifunika sufuria.

"Fundi," jamaa akasema, "nimefika Bukombe mbuzi wote wamekimbia. Mwenye mbuzi ananidai mbuzi."

Mjomba akairudia kazi kwa mkono, akaiosha spana, akaifunga khanga ya bibi na kuiweka kabatini. Tangu siku hiyo tuliiita bibi harusi, kwa sababu ilikuwa ndani na haionekani. Akasema mkono umerudi kwenye kiti chake. Nami niliamini hivyo, mpaka alipokuja Mzee Maganga.

Mzee Maganga ni mkulima wa tumbaku wa Ushetu na ni baba yake Nyanzobe. Nyanzobe mnamjua kama shangazi wa chapati, lakini wakati huo alikuwa anauza vitenge sokoni, na Mjomba alikuwa amenunua vitenge vingi kuliko mwanaume yeyote asiye na mke hapa mjini. Walikuwa wanapendana na kila mtu alijua. Kilichobaki kilikuwa mzee kukubali kupokea washenga, na mzee alikuwa hasemi ndiyo wala hapana.

Asubuhi moja pikapu yake ikaja inanguruma kama mashine ya kusaga iliyokasirika. Akashuka, akakaa kwenye benchi, upande mzima. Msaidizi wa Mjomba alikuwa ameenda msibani Kolandoto, kwa hiyo tulikuwa mimi na Mjomba tu. Nikageuka kumtafuta Mjomba, nikakuta kofia yake nyuma ya rundo la matairi.

Mzee akasema kwa sauti, akimwelekea mama yenu, lakini maneno yalikuwa yanaenda kwenye matairi: "Naambiwa kuna washenga wanataka kuja. Nitawasikiaje? Gari hili limeniziba masikio. Likifika Ushetu leo bila kelele, walete wiki hii hii. Likinguruma, nitajua binti yangu anataka kuhamia kwenye nyumba inayovuja, na mlango nitaufunga."

Mnaona ilivyokuwa. Kazi ya Mjomba yote aliyowahi kufanya ilikuwa imewekwa kwenye gasketi moja. Na kazi hiyo yeye mwenyewe asingeweza kuifanya. Mtu anayetaka kuoa atalalaje chini ya gari miguu imemwelekea baba mkwe? Na nati za juu, atainamaje kwenye boneti makalio yamtazame mzee? Mzee hakuwa na nia ya kuhama benchi.

"Mama Kulwa," Mjomba akanong'ona kutoka kwenye matairi, "mwambie Kabula afanye yeye. Na atumie mkono."

"Kabula," mama yenu akapaza sauti, "mjomba wako anasema ufanye wewe, na utumie mkono."

"Huyo nyuma ya matairi ni nani?" Mzee akauliza.

"Ndiye fundi mwenyewe, mzee."

"Anaumwa?"

"Ana adabu."

"Adabu inaziba bomba?"

 Mimi nikachukua spana zangu nikafungua boneti.

Tulisubiri injini ipoe. Kwenye injini ya moto huwezi kukaza manifodi ukapata ukweli. Mzee akapewa chai. Nilipofungua niliona gasketi imeungua kama chapati iliyosahauliwa, na stadi mbili zimeliwa. Nikazitoa, nikaweka mpya. Zilizobaki nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka nyuzi, ile mikunjo yake, zikang'aa, nikaweka nati mpya zote. Halafu nikasimama.

Mkono au kipimo? Mkono wangu siku hiyo ulikuwa na woga, na mkono wenye woga unasikia "tosha" mapema au unapitiliza mpaka "kwaheri". Spana haina mkwe, haina woga. Kutu, iliyoidanganya kwenye Hilux, sasa haikuwepo. Nikawaza, kumbe haikukosea spana. Tuliipa stadi chafu, tukataka itupe jibu safi. Lakini kumwambia Mjomba haya yote mbele za watu nisingeweza. Nikaingia ndani, nikafungua kabati, nikatoka nayo.

"Shija," mama yenu akasema, "mtoto amemtoa bibi harusi."

Kofia ikapanda juu ya matairi. Macho yakaja. Mjomba akanitazama, akaitazama spana, akatazama nyuzi zinavyong'aa. Kofia ikashuka tena taratibu. Kwa Mjomba hiyo ni ndiyo.

Kipimo kilikuwa kwenye kitabu cha gari, ambacho mzee alikuwa amekikalia kwenye kiti chake tangu anunue gari. Msibuni kipimo, wadogo zangu, na nyuzi msizipake oili halafu mkafuata kipimo cha nyuzi kavu, mtafika "kwaheri" huku spana inawasifia. Unaanza na nati za katikati, unaenda nje, kushoto na kulia, ili manifodi ilale bila kupinda. Raundi ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya mwisho mpaka "kak". Ili nisisahau nilipofika, nilikuwa natundika kitambaa kwenye nati niliyomaliza.

Sasa magoti. Mzee Maganga anajulikana. Siku ile ilikuwa ya soko, na kila mzee aliyepita barabarani alimwona pale kwenye benchi na kuja kumsalimia. Na mzee akishamsalimia mzee mwenzake, anageuka kwangu. Kwetu huwezi kumwambia mtu mzima, "Subiri, niko raundi ya pili." Unashuka, unapiga magoti kwenye kokoto, mnasalimiana Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanawane."

"Mwadila, babu."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Halafu anauliza baba hajambo, mama hajambo, bibi mzaa mama hajambo, ng'ombe hawajambo. Sina ng'ombe, lakini nilijibu hawajambo. Ninainuka, napanda kwenye kigoda changu, nakaza moja, anakuja mwingine na baiskeli. Nashuka. Manifodi ile ilikazwa na salamu nyingi kuliko harusi.

Mwishoni "kak" ya mwisho ikalia, nikafunga boneti. Mzee akawasha. Jamani, ilikuwa kimya. Mama yenu alikuja kushika boneti kuhakikisha gari linawaka kweli. Nyuma ya matairi kulisikika mtu anashusha pumzi. Mzee akasema ana haraka, mkewe anamsubiri sokoni, akarudisha gari nyuma kuelekea barabarani.

Nami nikaenda kunawa. Nilipotaka kujifutia mikono nikakuta kitambaa kiko begani mwangu.

Nikaganda. Kitambaa kilitakiwa kiwe kwenye nati, kila nilipoachia kazi. Yule mzee wa baiskeli alikuja katikati ya raundi ya mwisho. Niliposhuka nilikichukua kitambaa kujikung'utia magoti, na niliporudi nikaanza pale nilipodhani. Nati uliyoikaza ukiirudia inalia "kak" vile vile. Uliyoiruka hailii, haisemi chochote. Kwa hiyo nilisikia milio yote, na hakuna mlio uliokuwa na uwezo wa kuniambia kama kuna moja nimeiruka. Labda sikuiruka. Lakini Ushetu ni mbali, moto wa manifodi ni mwingi, na nati iliyoachwa nusu inaanza kuvuta pumzi njiani.

Mtu mwingine angepiga kelele, "Mzee, simama!" Mimi nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Pikapu ilikuwa imeshageuka inakuja mbele. Nikakimbia nikasimama mbele yake, na kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine, nikapiga magoti.

Mzee akakanyaga breki. Huwezi kumpita binti aliyepiga magoti, hata ukiwa na haraka ya namna gani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Si umeshanisalimia?"

"Ndiyo babu."

"Basi inuka nipite."

Sikuinuka. "Shikamoo babu," nikasema tena.

"Zima gari, mzee," mama yenu akasema kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Huyu haongei. Akirudia neno ujue pana moto."

Mzee akazima, akatoa kichwa dirishani. "Nini?"

"Nati moja, babu. Sina uhakika nayo."

"Ipi?"

"Ndiyo siijui."

Akanitazama sana. Akatazama jua. "Gari liko kimya," akasema. "Niende zangu."

Hapo Mjomba akatoka kwenye matairi. Alitoka mzima mzima, na kofia akaivua. Hakumtazama mkwe; alisimama akaangalia nguzo ya umeme, na akaongea na nguzo kwa heshima zote.

"Shikamoo baba. Gari halitoki kwenye gereji yangu na nati isiyo na uhakika. Hata kama unafunga mlango, utaufunga nati ikiwa imekazwa."

Nguzo haikujibu. Mzee akavuta kile kidude cha kufungulia boneti.

Injini ilikuwa haijashika moto bado. Nikachukua spana nikaanza upya kutoka katikati. "Kak." "Kak." Zote zikawa zinalia bila kusogea, na nikaanza kuona aibu yangu inavyokuja kwa mbali, na magoti yangu yote yale ya bure. Nikafika ya pembeni kabisa, karibu na ukuta wa injini. Spana ikaenda. Ikaenda tena. Ndipo ikalia.

"Ndiyo hii," nikasema. Nadhani ndilo neno la sauti kubwa kuliko yote niliyowahi kusema pale, kwa sababu mtu wa baiskeli aligeuka barabarani.

Sasa, kwenye begi langu kulikuwa na rangi ya kucha, nyekundu. Niliinunua kwa ajili ya mahafali, nikakosa ujasiri wa kuipaka. Ilikuwa haijawahi kugusa kucha. Nikaitoa, na kwa ile brashi ndogo nikachora mstari kwenye kila nati niliyoihakikisha, mstari unaotoka kwenye nati mpaka kwenye manifodi. Nati ikigeuka, mstari unavunjika na unauona.

Mzee akainama akachungulia. "Mmelipaka gari langu kucha?"

"Si linaenda harusini, mzee," mama yenu akasema.

Mzee hakucheka. Aliondoka, kimya kabisa, tukabaki tunaangalia vumbi.

Siku zilizofuata Mjomba hakula vizuri. Kila pikapu iliyonguruma barabarani alisimama. Halafu simu ikapigwa kwa mama yenu, maana mkwe hampigii mkwe, naye akaiweka sauti kubwa na Mjomba akajifanya anatafuta soketi chini ya meza yake.

"Gari lilifika kimya," Mzee Maganga akasema. "Njia nzima nimemsikia mke wangu. Mama Kulwa, miaka yote hii akiwa pembeni yangu nilidhani anaimba. Kumbe ananigombeza, napita mashimo."

"Pole mzee."

"Nimeshapoa. Leteni washenga. Na yule binti wa magoti aje nao, maana huyo kijana wenu najua anaongea na nguzo vizuri, ila sura yake bado sijaiona."

Chini ya meza kichwa kikagonga ubao.

Basi jibu langu ndilo hilo. Klampu na bomba za nyuma, mkono, taratibu. Stadi chafu zisafishe au badilisha, ndipo umtoe bibi harusi kabatini. Manifodi yenye stadi safi na nati mpya, kipimo, katikati kwenda nje. Gari likishafanya kazi na kupoa, liangalie tena. Fundi mgeni akiwaambia ni mkono tu au ni spana tu, mpeni chai, ana safari ndefu.

Rangi ya kucha nimeiacha kwenye sanduku la soketi. Ikiisha nunueni nyekundu. Ya waridi inafanana na kutu mpya. Na siku ya soko, mkiwa katikati ya raundi, mkisikia baiskeli ya mzee inasimama nyuma yenu, choreni mstari kwanza, ndipo mpige magoti.